Sura ya Sita: Kedi wa Nachingwea

Mcheza gofu anaposafiri kwenda kwenye uwanja asiowahi kuukanyaga, kabla hajapiga hata mkwaju mmoja hukutana na swali la fedha: amchukue kedi, au abebe mfuko wake mwenyewe? Kedi ni yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo na kutembea naye mashimo yote 18. Wengi hulipima swali hilo kwa uzito wa mfuko. Wakiona mabega bado yana nguvu, huona kumlipa mtu ni kutupa pesa. Hakuna anayefunga safari ya Nachingwea au Ruangwa kwa ajili ya gofu. Mchezo huo una makao yake Dar es Salaam, pale Gymkhana na Lugalo, na pia Morogoro, Arusha na Moshi. Lakini swali lenyewe humkuta kila mgeni anayeshuka kwenye basi katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Lindi akiwa na kazi ya siku chache: mnunuzi wa ufuta, mtafiti wa chuo kikuu, mkandarasi aliyefuata miradi ya madini ya kinywe, mstaafu anayetafuta shamba la mikorosho. Je, amlipe mwenyeji atembee naye, au ajitegemee? Naamini karibu kila mara jibu ni kulipa, na kwamba wanaokataa hukataa kwa sababu wamekosea kujua wanachonunua.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwenye gofu yenyewe. Klabu ya Augusta National, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ndiyo huandaa mashindano ya Masters kila mwaka. Hadi mwaka 1982 kila mchezaji aliyealikwa alilazimika kutumia kedi wa klabu hiyo, hata kama nyumbani alikuwa na kedi wake aliyemzoea. Makedi hao walikuwa wanaume Weusi wa mitaa ya jirani, wakati klabu yenyewe haikumpokea mwanachama Mweusi hadi 1990. Nyasi za pale, kandokando ya shimo, zina miteremko inayodanganya macho: unaona ardhi imelala sawa, kumbe mpira utakimbilia kushoto. Mwaka 1979 Fuzzy Zoeller alifika Masters kwa mara ya kwanza na kupewa kedi aitwaye Jariah Beard. Beard alimwonyesha mahali pa kulenga na nguvu ya kutumia, Zoeller akafuata, akashinda, jambo la nadra mno kwa mgeni. Sharti lile lilipoondolewa mwaka 1983, wachezaji wengi walikuja na makedi wao. Ben Crenshaw alibaki na mwenyeji wake, Carl Jackson, akashinda mwaka 1984 na tena 1995. Katika ushindi wa pili Crenshaw alikuwa ameijua Augusta kwa zaidi ya miaka 20, na bado Jackson ndiye aliyeona kwamba mpira ulikuwa umewekwa mbele mno na mabega hayazunguki inavyopaswa. Wote wawili, Zoeller aliyekuwa mgeni kabisa na Crenshaw aliyekuwa nusu mwenyeji, hawakushinda kwa sababu mabega yao yalipumzishwa mzigo.

Kanuni za gofu zinaeleza uhusiano huu vizuri kuliko mikataba mingi ya kazi niliyopata kuisoma. Katika mchezo wa mtu mmoja mmoja, kedi ndiye pekee ambaye mchezaji anaruhusiwa kumwomba ushauri. Akimuuliza mtu mwingine, anaadhibiwa. Mchezaji anaruhusiwa kuwa na kedi mmoja tu kwa wakati mmoja. Kedi akivunja kanuni, adhabu inamwangukia mchezaji. Na tangu mabadiliko ya mwaka 2019, mchezaji anapoanza kusimama tayari kwa kupiga, kedi hatakiwi kusimama nyuma yake kumlengea. Kulenga ni kazi ya anayepiga. Ukiyaweka mambo hayo pamoja unapata sura ya mtu wa pekee. Yuko upande wako na hana upande mwingine. Anasema anachokijua, kisha anakaa kando, na uamuzi ukiharibika unaubeba mwenyewe. Mtu wa namna hiyo ndiye mgeni wa Nachingwea anayemhitaji, na ndiye asiyempata kirahisi, kwa sababu stendi inampa mtu wa aina nyingine kabla hajauliza.

Huyo wa stendi ni dalali. Simtukani, kazi yake ni halali na masoko mengi yasingekwenda bila yeye. Lakini tazama namna anavyolipwa. Mwenye shamba anamtajia bei, yeye anaipandisha kwa mgeni, na tofauti ndiyo riziki yake. Kila mtu anaijua kwa jina la cha juu. Ukinunua, anakula. Usiponunua, amepoteza siku nzima na nauli ya bodaboda. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo hawezi kukwambia kwamba shamba hili lina kesi, au kwamba mikorosho unayoonyeshwa ni mizee na mavuno yake yanapungua mwaka hadi mwaka, hata kama ni mcha Mungu. Kumwambia mgeni "achana na hili" ni kujinyang'anya mkate. Kedi hulipwa kwa siku, au kwa raundi, upige vizuri au upige ovyo. Kwa hiyo ana uhuru wa kukukataza. Kosa kubwa la wageni, kwa hiyo, si kukataa kumlipa mwenyeji, maana wengi wao hulipa, tena pesa nyingi, ila hulipa kupitia cha juu bila kuona, na wanachonunua kwa pesa hiyo ni ushauri wa mtu mwenye maslahi ya kuwaona wakinunua.

Na ardhi ya huku ina miteremko yake isiyoonekana. Chukua biashara ya mazao. Ruangwa, Nachingwea na Liwale ziko chini ya chama kikuu cha ushirika kinachoitwa RUNALI, jina lililotungwa kutokana na mianzo ya majina ya wilaya hizo tatu. Korosho, na baadaye ufuta na mbaazi, huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwenye korosho mwaka 2007: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, AMCOS, unapimwa, unakwenda ghala kuu, na mnunuzi anashindania kwenye mnada. Mgeni kutoka mkoa mwingine, aliyezoea kuingia kijijini na pesa taslimu mkononi na kutoka na magunia, anaweza kufika mwezi wa Agosti, kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, akakuta mtu wa kumpeleka nyumba kwa nyumba. Atapimiwa kwa bakuli au kopo, chombo kinachojazwa hadi kufurika na kuhesabiwa kilo moja ingawa uzito wake unapita, na mkulima mwenye shida ya ada ya shule au ya msiba atakubali bei ya chini. Biashara hiyo inaitwa kangomba, nayo imepigwa marufuku. Dalali anaweza kukuingiza humo ndani ya saa moja. Novemba 2018, Rais Magufuli alipoagiza jeshi likusanye korosho zote na serikali izilipie shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ulikwenda hadi kwenye mashamba: mtu mwenye mzigo alitakiwa aonyeshe mikorosho iliyouzaa. Wenye magunia bila mashamba walibaki hawana cha kuonyesha. Mwenyeji wa kulipwa kwa siku, aliyekulia kwenye msimu, angemwambia mgeni wake jioni ya kwanza kwamba hapa huanzi kwenye nyumba za watu, unaanzia AMCOS.

Ardhi ni ngumu zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una kauli katika ugawaji wake. Karatasi aliyokuandikia mtu mmoja chini ya mwembe, na mashahidi wawili, haikupi usalama wowote. Hilo mgeni makini anaweza kulisoma mwenyewe kabla ya safari. Asichoweza kukisoma popote ni ukoo. Wamwera, ambao ndio wengi katika sehemu kubwa ya eneo hili, pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde wanaoishi nao, kwa mila huhesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake ambayo mgeni kutoka Kilimanjaro au Kagera hataitarajia, na mtu anayeonekana kuwa mwenye shamba kwa sababu analilima anaweza kuwa amelipata kwa upande wa mkewe. Anayejua kwamba mjomba yupo, anaishi kijiji cha pili na hajaulizwa, ni mwenyeji. Hatua ya kwanza ya kedi mzuri ni ndogo kuliko hizo: anakupeleka ofisi ya kijiji kabla hujakanyaga shamba la mtu, unasalimu, unasaini kitabu cha wageni, jina, utokako, madhumuni na sahihi. Ukiruka hatua hiyo, kila mlango utakaobisha baadaye utakuwa na swali nyuma yake.

Watu wa zamani walilijua jambo hili vizuri zaidi kuliko vitabu vyao vinavyokiri. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimtuma Keith Johnston kwenda maziwa makuu kutoka pwani ya Dar es Salaam. Johnston alifariki njiani, huko Behobeho, kabla msafara haujafika mbali, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 aliyekuwa hajawahi kufika Afrika kabla ya safari hiyo. Msafara ulifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na sifa zikaenda kwa Thomson. Aliyekuwa kiongozi wa wapagazi ni James Chuma, Myao, yule yule aliyesafiri na Livingstone kwa miaka na kushiriki kuurudisha mwili wake pwani. Kabla ya kuajiriwa na msafara huo, Chuma alikuwa akiongoza misafara ya misheni ya UMCA kutoka pwani kwenda bara ya kusini. Kijana yule angeweza kukataa kumsikiliza. Kwamba hakukataa ndiyo sababu jina lake tunalo.

Sasa Nachingwea yenyewe. Mji huu ulikua kutokana na mradi mashuhuri wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, na fungu kubwa kuliko yote likapangiwa Jimbo la Kusini. Makadirio yalikuwa pauni milioni 25 hivi. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Kosa lililo wazi kuliko yote lilitendeka Kongwa, katika Ugogo, nchi ambayo wenyeji wake walikuwa na majina ya njaa zao, na ambako udongo hukauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji, ukala majembe ya matrekta. Nachingwea ilikuwa na mvua nafuu kuliko Kongwa. Kilichoikwamisha zaidi ni kuchelewa kwa bandari na reli, ile reli iliyojengwa kutoka Mkwaya, baadaye Mtwara, hadi Nachingwea, na ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa kwa kukosa mzigo. Lakini kote mradi ulitembea kwa mtindo mmoja: nchi ilitazamwa kutoka juu, kwa haraka, na watu waliokwisha kuilima hawakuulizwa kitu ambacho kingeweza kubadilisha mpango.

Hapa kuna pingamizi la maana. Mradi wa karanga uliajiri wenyeji kwa maelfu. Kama kumlipa mwenyeji kungetosha, mradi ule ungefanikiwa kuliko mradi wowote uliowahi kufanyika nchini. Nakubali, na ndipo hoja yangu inapopata makali yake. Maelfu wale walilipwa kung'oa visiki, kuendesha matrekta na kubeba. Hakuna aliyelipwa kusema. Mcheza gofu anayemwajiri kedi kisha akamwamuru abebe tu na asifungue mdomo, amelipa gharama yote na kuchukua robo ya bidhaa. Wageni wengi wa leo hufanya vivyo hivyo: wanakodi bodaboda, wanamwelekeza dereva kijiji cha kwenda, wanavaa kofia ya pikipiki na safari nzima hawamuulizi lolote. Wakirudi mjini wanasema walikuwa na mwenyeji.

Linganisha na Tendaguru, kilima kilicho bara ya mji wa Lindi, katika mkoa huu huu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba pale mifupa ya dinosaria chini ya Werner Janensch, Edwin Hennig na wenzao. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Mifupa hiyo ndiyo iliyojenga kiunzi kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, ambacho sasa kina urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Msimamizi wa wachimbaji, na mkuu wa wale waliotoa mifupa kwenye mwamba bila kuivunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Kazi ile haikuwa ya nguvu. Mfupa wa mamilioni ya miaka huweza kupasuka ukiupiga jembe mahali pasipostahili, na mtu anayejua wapi pa kupiga ndiye aliyeamua nini kingefika Ulaya na nini kingebaki vumbi. Mwaka 2007 mwanasayansi Kristian Remes alipoieleza aina mpya ya dinosaria kutoka mifupa ya Tendaguru, aliiita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Ilichukua karibu miaka mia moja. Mambo yote ya ukoloni yalikuwepo Tendaguru, mijeledi na madharau pamoja, wala siyasafishi. Ninachosema ni kwamba pale palipokuwa na mwenyeji aliyepewa nafasi ya kuamua, kazi iliyohitaji macho ya karibu ilifanyika.

Kumbukumbu ya wapagazi inaleta pingamizi jingine, nalo linagusa moyo zaidi kuliko pochi. Wapo wanaoona haya kumlipa mtu mzima atembee nyuma yao. Naielewa haya hiyo, lakini nadhani inaelekezwa pasipostahili. Udhalili wa mpagazi ulitokana na kulazimishwa, kulipwa kidogo, kubebeshwa kupita kiasi na kutosikilizwa. Kilimanjaro, ambako sheria inamtaka kila mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni, mzigo wa mbebaji umewekewa kikomo cha kilo 20, na mapambano ya kukifanya kikomo hicho kiheshimiwe ni ya kazi halali, hayahusu kuifuta. Katika gofu ya Afrika Mashariki, wachezaji wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Walijifunza mchezo kwa kuutazama karibu na kulipwa wakiutazama. Haya ibaki kwa yule anayepokea maarifa ya mtu siku nzima, anamnunulia soda, na kumwita rafiki.

Maana huo ndio mtego wa ukarimu wa kusini. Watu wa Nachingwea na Ruangwa watakuelekeza bure. Ukimuuliza mzee njia, anaweza kuacha kazi yake akakusindikiza hadi njia panda. Mgeni anajiuliza: kwa nini nilipie kitu ninachopewa, tena si nitakuwa naharibu desturi? Wahenga walikwisha kulisemea: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujio wa mgeni ulitakiwa umletee mwenyeji nafuu. Kumwelekeza mtu njia ni ukarimu, na kuulipia ni ufidhuli. Lakini siku tatu za mtu mwenye shamba lake, katikati ya palizi ya Januari, ni mavuno yake unayoyala. Hapo kutolipa ndiko kunakoharibu desturi, kwa kuugeuza ukarimu kuwa njia ya mwenye posho kumtumia asiye nayo.

Wengine watasema simu inatosha. Ramani ya simu kweli inajua barabara kuu, na lami imesogea sana katika ukanda huu. Lakini kazi nyingi za mgeni haziko kwenye lami, na ramani haijui majira. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na njia inayoelekea bonde la Mbwemkuru ambayo Septemba unaipita na gari dogo, Machi inaweza kukulaza porini. Dereva wa huko anaitazama rangi ya udongo: mwekundu unapita, mweusi unageuka. Wapo pia wanaosema sisi sote ni Watanzania, sote tunasema Kiswahili, mwenyeji wa nini? Kiswahili kitakufikisha ofisini, gulioni na kwenye nyumba ya kulala wageni bila taabu yoyote, na hiyo ni neema ambayo nchi nyingi hazina. Ila swali la mgeni huku si "wanasema nini". Anahitaji kujua nani hajasema, na kwa nini amenyamaza.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni kwamba mwenyeji naye anaweza kukudanganya. Anaweza kuwa na shemeji mwenye shamba, au ugomvi na mwenyekiti, na kukupitisha kwenye njia za ugomvi wake. Ni kweli, na malipo ya siku hayaondoi hatari hiyo, yanaipunguza tu. Kinachobaki ni kuchagua. Usimchague kijana wa kwanza aliyekukimbilia stendi. Mtafute mtu ambaye jina lake litaumia akikuponza: mwalimu mstaafu, karani wa zamani wa AMCOS, bwana shamba aliyestaafu na kubaki. Usimlipe mtendaji wa kijiji aliye kazini ili awe kedi wako, hata akijitolea, kwa kuwa kukupokea ni wajibu wake, na bahasha yako inaanza kumfanya mtumishi wa wageni badala ya wanakijiji. Patana malipo jioni kabla ya kazi, lipa kila siku inapokwisha, na mwambie waziwazi kwamba hatapata fungu lolote hata ukinunua kitu. Kisha muulize mambo mawili matatu unayojua majibu yake, na jingine moja ambalo hawezi kulijua. Akisema "hilo sijui, tumuulize fulani", umempata. Anayejua kila kitu mlipe siku yake na umuage kwa heshima.

Zipo safari zisizohitaji kedi. Anayekwenda uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa kuitazama Namungo ikicheza na Simba au Yanga, akalala usiku mmoja na kugeuza, hahitaji mtu. Mtumishi anayepokelewa na idara yake ana wenyeji tayari, ingawa afahamu kuwa watamwonyesha kile idara inachotaka aone. Na anayehamia kuishi afadhali akosee mwenyewe taratibu, majirani watamrekebisha. Kedi ni wa mtu wa siku chache, kwa sababu ileile inayomfaa mcheza gofu aliye safarini: uwanja ule atauchezea mara moja, na shimo alilokosea halirudii.

Limebaki suala ambalo wageni, hasa wanaume, hulisahau. Katika wilaya hizi mashamba mengi yanalimwa na wanawake, na kwa koo za upande wa mama sauti ya mwanamke juu ya shamba inaweza kuwa na uzito ambao mtu wa kutoka mikoa mingine haupimi ipasavyo. Mtafiti au mnunuzi anayetembea na kedi mwanaume atakaribishwa barazani, atawekewa kiti, na atazungumza na wanaume, wakati mama anayejua madebe mangapi ya ufuta yalitoka na pesa ilikwenda wapi yuko uani. Kedi mwanamke, mama mtu mzima anayeheshimika, huingia uani bila kuomba ruhusa. Kama kazi yako inahusu chakula, mavuno, maji au watoto wa shule, mtafute yeye kwanza, na mlipe kiwango kile kile ambacho ungemlipa mwalimu mstaafu.